Mlango Hufunguliwa Mwisho

Nasikia mnasema Mize katoka eda. Mnalisema dukani, mnalisema barazani baada ya alasiri, na nikipita mimi mnakohoa na kuanza kuulizana bei ya pweza. Haya, leo nalisema mimi, tena kwa sauti, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu mtoto aliyezikwa ni wangu.

Mimi Fikiri, mwendesha boti ya wagonjwa hapa Utende. Mdomo wangu mnaujua. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikigomba. Basi asiyetaka kusikia aondoke sasa hivi, asije akaniambia baadaye nimemvunjia heshima, maana hilo neno heshima kwa sasa sitaki hata kulisikia.

Mize ni binti wa Bi Umi, yule mama wa mwani. Alikwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, wenzake wote wakabaki huko huko, yeye akarudi. Watu wakamwuliza, umerudi kufanya nini huku? Akawajibu, "Kwani nyinyi mnafanya nini huku?" Ndivyo alivyo. Shikamoo atakupa, tena na goti atapiga, lakini ukiharibu kazi anakupa vidonge vyako hapo hapo, uwe mkubwa uwe mdogo. Akaolewa na Hafidhi, mkwezi wa minazi. Lo! Midomo ikafunguka: msomi mzima kachukua mkwezi! Hafidhi mwenyewe alikuwa anacheka tu. Kila jioni anapita ofisini kwa mkewe na dafu moja, analichonga pale dirishani, anangoja mke amalize kufunga mtambo waende nyumbani, na nyumba yenyewe iko ukuta mmoja na ofisi.

Huo mtambo ndio mwanzo wa yote, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Zamani nesi wa Jibondo akipata mgonjwa wa kuvushwa, alikuwa anipigie mimi, ampigie dereva wa gari hapa Utende, apige wodini Kilindoni, apige maabara ya damu. Na mtandao wa Jibondo mnaujua, unakuja na kuondoka utakavyo. Akimpata dereva, mimi hanipati. Akinipata mimi, chaji imekwisha. Sasa nesi anaandika ujumbe mmoja tu, anautuma kwenye mtambo. Mtambo unamjibu, "Imepokelewa," kisha wenyewe unatutafuta sisi wanne, mmoja mmoja, na hautuachi mpaka kila mtu ajibu. Yule fundi aliyekuja kuufunga aliuita kwa jina la Kiingereza. Sisi tukauita Dalali, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya dalali wa samaki pwani: anapokea kwa huyu, anamkabidhi yule.

Lakini Dalali ana tabia moja mbaya. Kila akizimwa na kuwashwa, anaamka hamjui mtu. Lazima kwanza umwunganishe na sisi wapokeaji: boti, gari, wodi, damu. Ukimfungulia mlango kabla ya hapo, ujumbe unaingia, yeye anamjibu nesi "Imepokelewa" vizuri kabisa, kisha anatazama huku na huku, haoni wa kumpa, anautupa. Hauweki pembeni. Anautupa! Mize alimwandikia fundi mara nyingi aje airekebishe tabia hiyo. Fundi akajibu inshallah. Mpaka leo tunaingoja hiyo inshallah yake, na yeye nikimkuta ana kwa ana nitamwambia langu.

Ndiyo maana Mize akaweka utaratibu, na hakuwa na mchezo nao. Kuwasha: ghala la ujumbe kwanza, halafu Dalali, halafu wapokeaji, mlango mwisho. Kuzima ni kinyume chake: unaanza na mlango, ili nesi akituma aambiwe, "Tumefunga, piga simu." Unangoja ujumbe uliobaki ndani umalizike kwenda, ndipo unazima hayo mengine. Alikuwa akiyasema kwa sauti kila siku, mwanamke peke yake chumbani anausemesha mtambo. Na akautia milio. Mpokeaji akiunganishwa, mlio mfupi. Mlango ukifunguliwa, mlio mrefu. Asubuhi ukipita njiani unasikia: mfupi, mfupi, mfupi, mfupi, halafu mrefu. Hafidhi akiusikia ule mrefu anasema, "Haya, mke wangu kafungua duka."

Chumba chenyewe ni cha Mzee Ameir, mwenyekiti wetu. Jenereta kanunua yeye, mafuta anatia yeye, hajawahi kumdai mtu ahsante. Sisemi ni mtu mbaya. Wallahi ni mtu mwema. Hawezi kumwona mtu kasimama asimvutie kiti, hawezi kusikia hodi asiitikie karibu hata kama yuko msalani. Watu wote wa hapa tumelelewa hivyo, na yeye katuzidi wote.

Basi Hafidhi akaanguka mnazini. Tulimbeba kwenye mlango uliong'olewa, na hatukufika hata barabarani. Mize akaingia eda. Mama mkwe wake, Bi Mwanaharusi, akachukua simu yake akaiweka kabatini, wanaume wasije wakawa wanampigia mjane kwa kisingizio cha kazi. Mtambo ukabaki mikononi mwa Mzee Ameir. Mize alikuwa amemfundisha zamani, kwa kumrudiarudia kama mtoto wa chuoni, na mtambo ukiwa umewaka aliuweza. Ila kuuzima na kuuwasha hakuwahi kufanya peke yake, kwa sababu Mize alikuwepo siku zote.

Siku ya hitima ya Hafidhi umeme ulikuwa umekwenda zake tangu asubuhi. Tumekaa uani kwa Mize, wanaume tumejaa mikekani, juzuu mikononi, na nyuma ya ukuta jenereta inanguruma. Mzee Ameir hakutulia. Anasoma aya moja, anautazama ukuta. Mwisho akanong'ona, "Haifai jamani. Watu wanamsomea marehemu, sisi tunampigia jenereta." Akainuka, akaenda, akazima. Kimya. Alivyorudi watu wakamwitikia, "Umefanya la maana, mzee." Na mimi niliitikia, nisiwafiche.

Tukasoma, dua ikaombwa, ubani ukapita, masinia ya pilau yakaanza kutoka. Hapo Mzee Ameir akakumbuka mtambo, akaenda kuuwasha. Jenereta ikaunguruma. Baada ya muda nikausikia mlio mrefu. Mrefu peke yake. Na mara hiyo hiyo wageni wa Baleni wakapiga hodi uani, walichelewa gari, na Mzee Ameir huyo mbio kuwapokea: karibuni, karibuni, maji ya kunawa haya hapa, sogeeni jamani wakae.

Nilipomwuliza baadaye, alinijibu nini? Nayasema kama alivyoyasema. "Mwanangu, niliwaza manesi wako nje wanabisha tangu nilipozima. Nitamwachaje mtu mlangoni? Nikawafungulia kwanza waingie. Nikasema wengine nitawaunganisha nikishawakalisha wageni."

Mnasikia? Aliukaribisha ujumbe kama anavyokaribisha watu! Karibu ndani, keti, mwenyeji anakuja. Na mwenyeji hayupo.

Ya ndani nimeyapata kwa Safia, mdogo wake Mize, aliyekuwa amekaa naye. Anasema Mize alikuwa ameinamisha kichwa, hajala. Aliposikia ule mlio mrefu akakiinua. Akangoja mifupi. Haikuja. Akasema, "Mama, naomba simu yangu."

"Ya nini, mwanangu, na leo ni hitima ya mumeo?"

"Mtambo umefunguliwa vibaya. Basi mwiteni Mzee Ameir."

"Wanaume wanakula," Bi Mwanaharusi akamwambia. "Na sauti hiyo ishushe."

Mize akasogea dirishani, akaita, "Mzee Ameir!" Mara moja tu, kwa sababu shangazi zake wawili walimrukia wakamziba mdomo, huku wanamwambia subira, subira, mwanetu, msiba umekuzidi. Walidhani kachanganyikiwa. Akaitoa mikono yao taratibu, mmoja mmoja. Akachukua buibui, akafungua mlango, akatoka.

Sisi tukamwona. Mjane wa marehemu, mchana kweupe, anapita katikati ya masinia. Kila mtu akainamisha macho kwenye pilau, na mimi yangu nikayainamisha. Simu yangu ilikuwa gotini, kimya, na nilikuwa nimekwisha kumshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba leo hakuna mgonjwa. Miguu yake ikasimama mbele ya sinia letu.

"Kaka Fikiri, inuka ukaiwashe boti."

"Kuna ujumbe?"

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana."

Nikainuka na mkono wenye mafuta. Nyuma yangu nilisikia mtu anasema astaghfirullah, na sitamtaja, yeye mwenyewe anajijua. Nilikuwa nashuka pwani nikasikia nyuma ya ukuta: mlio wa kufunga, halafu mfupi, mfupi, mfupi, mfupi, halafu mrefu. Mize kaupanga upya. Lakini kilichokwisha kutupwa hakirudi, na yeye anajua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo akachukua simu ya ofisi, akapiga visiwani kimoja kimoja. Chole hawana kitu. Juani hawana kitu. Jibondo haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga mpaka ikaita, akapokea nesi Tumaini, na Tumaini anafoka.

"Mnatucheza shere? Nimetuma tangu mlipofungua, mmenijibu Imepokelewa! Tuko ufukweni na mgonjwa, damu inamtoka, tunatazama bahari, boti hatuioni!"

"Mgonjwa nani?"

"Warda. Warda wa Fikiri."

Mke wangu alikuwa amekwenda kujifungulia kwao, kwa mama yake. Mize hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe mpaka pwani, na lile buibui la eda, jua la utosi, watu wanatazama, akaingia maji ya magotini akashika ubavu wa boti.

"Ni Warda," akasema. "Tumaini alituma. Ujumbe umetupwa."

Sikumbuki nilivyoing'oa nanga.

Sasa niwaambie kilichonichoma zaidi. Nesi alipotuma, maji Jibondo yalikuwa bado yako juu, boti ingefika mpaka mchangani. Nilipofika mimi yalikuwa yamekupwa. Nikaiacha boti mbali kule, wakaja na Warda juu ya kitanda cha kamba, wanakanyaga tope na mawe, wanateleza, kitanda kinayumba, na mimi nakwenda kuwapokea nimezama magotini. Uso wa mke wangu ulikuwa hauna rangi. Akanitazama, akaniuliza polepole, "Si tumekuita tangu zamani? Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nakula pilau, Warda. Nilikuwa nimekaa mkekani na adabu zangu, nakula pilau.

Mtoto alizaliwa kwenye gari, njiani kwenda Kilindoni. Alilia mara moja, sauti ndogo kabisa, na kwa kuwa alilia tukampa jina, Zuleikha. Hakulia tena. Warda walimwokoa, alhamdulillahi. Daktari alinivuta kando akaniambia, mngewahi kidogo tu. Yeye alikuwa ananipa pole, maskini, hakujua ananipa kisu.

Haya. Tukarudi, tukamzika. Sasa nikategemea nini? Nikategemea mji utauliza: imekuwaje ujumbe ukatupwa? Nani aliwasha? Tufanye nini usitupwe tena? Ebo! Hata mmoja. Mji mzima ulikuwa na swali moja tu: mmeona mjane alivyotoka mbele ya wanaume, na hitima ya mumewe haijapoa? Imamu akasimama msikitini akasema waziwazi, mwenye eda akiwa na dharura mchana anatoka, hana dhambi. Mkaitikia naam, naam. Mlipofika barazani mkaanza upya. Bi Mwanaharusi hasemi naye mpaka leo. Wanaishi nyumba moja, chumvi wanaombana kupitia kwa Safia. Mwanamke huyo alitoka kumtafuta mtoto wangu, mtoto ambaye hakujua hata ni wa nani, na nyinyi mmemhesabia nyayo zake.

Mimi yote hayo niliyameza. Ndiyo, mimi Fikiri, nilinyamaza. Msiba wa mtoto mchanga hauna mambo mengi, lakini watu walikuja, wakajaa chini ya turubai mbele ya nyumba yangu, hapo nyuma ya ofisi. Mzee Ameir akaja akakaa pembeni yangu. Alikuwa analia kweli, machozi yanashuka mpaka ndevuni. Akanishika mkono.

"Mwanangu, nisamehe. Nimekuletea mchele, turubai ni langu, likae hata mwezi. Na usiwe na wasiwasi wa kelele. Mtambo nimeuzima, kwa heshima ya mtoto."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikatega sikio. Kweli, jenereta kimya, na umeme nao haukuwepo.

"Umezima nini, mzee?"

"Mtambo, mwanangu. Watu wanaomba dua."

"Ulianza na mlango? Manesi wanaambiwa wapige simu?"

Akanitazama. "Nimezima jenereta," akasema.

Hapo damu ilinipanda mpaka nikaona giza. Nilipiga kelele, msibani kwangu, mbele ya watu, kwa mzee wa umri wa baba yangu. Nikamwambia heshima yako iweke kabatini na simu ya Mize! Nikamwambia umemzimia mtu jenereta akafa mtoto, sasa unamzimia mtoto, afe nani? Mnataka kumpa heshima marehemu? Kaiwasheni! Watu wakanishika mabega, Fikiri, Fikiri, mwogope Mungu. Na yeye Mzee Ameir, na machozi yake, ananiambia kwa upole ule ule, "Nitawasha, baba, nitawasha. Ngoja kwanza watu wamalize kukupa mkono. Usiwape mgongo."

Nikawapa mgongo.

Nikaenda moja kwa moja dirishani kwa Mize. Dirisha limefungwa, Bi Mwanaharusi kalifunga. Nikagonga. "Da Mize, ni mimi Fikiri. Wameuzima tena. Naingia mimi."

Sauti yake ikaja nyuma ya mbao. Hakuniuliza chochote. "Anza na ghala," akasema. "Nitakuwa nasikiliza ukutani. Ukikosea nitagonga. Ukiwa sawa, nitagonga mara moja tu, mwisho, ndipo ufungue."

Nikaivuta jenereta. Nikaingia chumbani kwake, kiti chake kina vumbi, na dirishani kuna alama za panga la Hafidhi pale alipokuwa akichongea madafu. Nikasema kwa sauti kama alivyokuwa akisema yeye. Ghala. Nikangoja taa. Dalali. Nikangoja. Boti, mfupi. Gari, mfupi. Wodi, mfupi. Kidole changu kikakimbilia mlangoni, nataka kumaliza, na ukuta ukagongwa kwa nguvu, ngo, ngo, ngo! Nikarudisha kidole. Damu. Mfupi. Nikasimama pale, nasikiliza ukuta. Ukagongwa mara moja. Nikafungua mlango.

Ule mlio mrefu haukuwa umekwisha vizuri, simu yangu ikatikisika mfukoni mwa kanzu. Juani. Nesi wa Juani alikuwa anajaribu tangu mtambo ulipozimwa. Mzee kaanguka shambani, hajitambui, boti ije.

Nikatoka. Ilibidi nipite mbele ya turubai, njia ya pwani ni hiyo moja. Walikuwa bado wamekaa, na Mzee Ameir akainuka, mikono miwili mbele.

"Fikiri, mwanangu, unakwenda wapi? Watu wamekuja kwa ajili yako."

"Kuna mgonjwa Juani," nikasema. "Waambie wakae, wale. Na mtambo usiuguse."

Nikashuka pwani na kanzu ya msiba, nikaingia nayo majini. Nilipogeuka kuivuta nanga nikawaona wote wamesimama juu pale wananitazama, kama walivyomtazama yeye. Basi na mimi nimetoka msibani kwa mwanangu, mchana, mbele ya wageni. Lisemeni na hilo.